Zorba kwenye uwanja wa kikapu: kisa cha vijana wa Kisiwa cha Elcho

Mwaka 2007 ilipandishwa YouTube video fupi kutoka Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Vijana wa Kiaborijini wamejipanga mstari kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, vifua wazi, miili imepakwa udongo mweupe, viunoni wamefunga vitambaa kama wanavyofunga wazee wao siku ya ngoma. Watu wa kwao wamekaa kando wakitazama. Kwa jinsi walivyojipamba, mtazamaji wa mbali anadhani anajua atakachosikia: yidaki, lile zumari refu la gogo linalovuma, na vijiti vya bilma vikigonganishwa. Spika zinapofunguka, kinachotoka ni muziki wa Mgiriki Mikis Theodorakis, ule wa filamu ya Zorba ya mwaka 1964.

Aliyewahi kuusikia muziki huo anajua unavyoanza, taratibu kama mzee anayeinuka kitini. Vijana nao wanaanza taratibu. Magoti wameyakunja na nyayo zinapiga chini kwa namna ya bunggul, ngoma ya kwao, lakini mikono na mpangilio wa mstari umetoka kwenye sirtaki ya Wagiriki. Muziki unaongeza mwendo kidogo, nao wanaongeza. Unaongeza tena. Watu wa pembeni wanaanza kucheka na kupiga kelele za kushangilia. Kufikia mwisho muziki unakimbia kweli, na mstari mzima unakimbia nao bila mtu kuachwa nyuma.

Kundi hilo lilijulikana kama Chooky Dancers. Siku hizi linaitwa Djuki Mala. Chooky ni kuku kwa Kiingereza cha mitaani cha Australia. Djuki ni neno hilohilo likitamkwa Kiyolngu, lugha ya kwao, na mala ni kundi. Video yao ilitazamwa zaidi ya mara milioni moja, wakati ambapo idadi hiyo haikuwa jambo la kila siku. Wengi walioiona waliipokea kama kichekesho. Vichekesho vimo ndani yake, wala sitaki kumnyima mtu kicheko chake. Ila nimeirudia video hii mara nyingi, nikasoma habari za mahali ilipotoka na mwaka iliotokea, na nimefika mahali pa kuamini kwamba vijana wale walikuwa wanafanya jambo zito: walikuwa wanalipa deni la familia mbele ya watu wao. Kwa sheria ya kwao, hiyo ni kazi ya mwanamume.

Mahali penyewe

Vijana hao wametoka Kisiwa cha Elcho, kilomita zipatazo 500 mashariki ya mji wa Darwin. Makao makuu ya kisiwa ni Galiwin'ku, wenye watu wapatao 2,000, mji ulioanza kama misheni ya Wamethodisti mwaka 1942. Wenyeji ni Wayolngu. Kiingereza si lugha yao ya kwanza; mtoto hukulia katika lugha za koo zake na za majirani, Kiingereza anakikuta shuleni.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani kisiwa hiki hakimhusu kabisa. Kwa karne mbili au zaidi, mabaharia wa Makassar kutoka Sulawesi walikuwa wakishuka na upepo wa msimu kuja kuvua jongoo bahari, huyuhuyu anayevuliwa Mafia na Pemba. Walikaa na Wayolngu msimu mzima, wakafanya nao kazi, wengine wakaoana, mpaka serikali ilipowapiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 20. Wayolngu wakabaki na maneno. Pesa wanaita rrupiya, na sisi tulikuwa na rupia yetu. Mzungu wanamwita balanda, kwa jina la Waholanzi lililopitia midomo ya mabaharia wale. Kisha liko jambo la mwaka 1944: katika kisiwa cha Marchinbar, kwenye mlolongo wa visiwa vya Wessel ulio jirani na Elcho, mwanajeshi mmoja aliokota mchangani sarafu chache za zamani. Zilipochunguzwa miaka mingi baadaye, tano zilikuwa za shaba na za Kilwa, Kilwa ile ya masultani. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana.

Nimeyataja haya kwa sababu watu wengi walipoiona video walisema vijana wa porini wamekutana na ulimwengu kupitia intaneti. Ulimwengu ulifika kwenye fukwe zao zamani sana, na wao waliucheza. Katika ngoma za baadhi ya koo za Kiyolngu zimo bendera za Wamakassar, visu vyao na ulevi wao. Mgeni aliyeonekana ufukweni aliingizwa kwenye wimbo, na wimbo ukawa mali ya ukoo. Wazee wetu waliocheza beni Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, na sare zao na vyeo vya kijeshi walivyojipa, wangewaelewa vijana hawa bila mkalimani.

Mwanamume anatoka wapi

Kwa Wayolngu kila mtu, na kila kitu chini ya jua, ni Dhuwa au Yirritja. Papa mmoja yuko upande huu, mamba upande ule. Kisima hiki cha huku, wimbo ule wa kule. Mtoto hufuata upande wa baba yake, na ni lazima aoe au aolewe upande wa pili. Kwa hiyo mama yako siku zote ni wa upande usio wako, na unazaliwa ukiwa na wajibu kwa pande zote mbili. Mwanamume ni mlinzi wa mambo ya ukoo wa mama yake: ngoma za wajomba zinapochezwa, yeye husimama kuangalia kama zinachezwa sawasawa. Uhusiano huo wa mtoto na mama wanauita yothu yindi.

Undugu wenyewe hautamshangaza Mswahili. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako, mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako, na hakuna anayehangaika kumwita binamu. Kaka ni wäwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na wäwa ishirini katika kijiji kimoja, na wote wana haki ya kumdai na kumkemea. Mfumo mzima unaitwa gurrutu, na hakuna anayebaki nje yake; hata mgeni akikaa muda mrefu hupewa nafasi, aambiwe huyu sasa ni dada yako, yule ni mjomba, yule usizungumze naye.

Mvulana huingia utu uzima kwa dhapi, ambayo sisi tungeiita jando. Kabla ya kutahiriwa hulazwa chali na wanaume humchora kifuani michoro ya ukoo, mstari kwa mstari, kwa brashi nyembamba. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Mtoto ametulia tuli, baba na wajomba wamemzunguka wakiimba nyimbo za nchi yake, na rangi inakauka taratibu juu ya pumzi yake. Nikisoma maelezo ya dhapi huwa narudi kwenye picha hii kuliko ya kisu. Mtoto wa kiume anafundishwa uanaume kwa kushikwa kwa upole na wanaume wengi kwa muda mrefu, kabla hajaumizwa hata kidogo. Kifua kinachochorwa ni kifua kilekile atakachokitoa wazi akiwa kijana uwanjani.

Kipo kipengele kimoja zaidi ambacho bila hicho kisa hiki hakieleweki. Kaka na dada wakishakua, wanakaa kwa heshima ya mbali. Kaka halitaji jina la dada yake ovyo, hamsemeshi moja kwa moja, hampi kitu mkononi kama anavyompa mwingine. Mapenzi yapo, tena makubwa, lakini hayana njia ya mdomo. Kwetu tunaijua heshima ya namna hiyo zaidi kwa wakwe, mtu anapochepuka njia asikutane na mama mkwe uso kwa uso. Kwa Wayolngu inawahusu waliozaliwa nyumba moja.

Mwaka wenyewe

Juni 21, 2007, serikali ya John Howard, waziri mkuu wa Australia wakati ule, ilitangaza hali ya dharura katika Jimbo la Kaskazini. Ilikuwa imetoka ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto katika jamii za Waaborijini, yenye mapendekezo 97, na pendekezo la kwanza lilisisitiza kwamba chochote kitakachofanywa kifanywe kwa kushauriana na jamii zenyewe. Kilichofuata ni wanajeshi kuingia vijijini kusaidia zoezi hilo, Sheria ya Kupinga Ubaguzi wa Rangi ya mwaka 1975 kuwekwa kando ili hatua hizo zipite, na nusu ya fedha za ustawi wa familia kudhibitiwa na serikali. Vijiji 73 viliguswa, Galiwin'ku kikiwamo. Kwenye barabara za kuingilia vijijini yalisimamishwa mabango makubwa ya kukataza pombe na picha za ngono, na kila apitaye akasoma mwenyeji wa hapo anadhaniwa kuwa mtu wa aina gani. Waandishi wa ripoti walilalamika hadharani kwamba kilichofanywa sicho walichoomba.

Unyanyasaji wa watoto ulikuwapo, na mtoto aliyeumizwa hana haja ya mtu kumpunguzia maumivu yake kwa ajili ya siasa. Hilo nalisema wazi. Lakini lugha iliyotumika miezi ile haikumlenga mkosaji. Ilimlenga mwanamume wa Kiaborijini kwa ujumla wake. Yalitangazwa madai ya mitandao ya wabakaji wa watoto vijijini. Tume ya Uhalifu ya Australia ilipochunguza, haikupata ushahidi wa mitandao hiyo. Habari ya kutopatikana haikusafiri kama ilivyosafiri habari ya kwanza, na baba mwingi alibaki akiogopa kumbeba mwanawe mbele ya mgeni.

Katika mwaka huohuo, kijana wa Galiwin'ku anapanga ngoma na wenzake, na baba yake ndiye anayeipandisha kwenye mtandao. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Baba anamwona mwanawe akicheza mbele ya watu, anaona fahari, anaitafutia video mahali ambapo dunia itaiona. Nchi nzima ilikuwa inajadili kama wanaume wa vijiji vile wanafaa kuachiwa watoto, na jibu la mzee huyu likaja bila hotuba.

Shukrani

Kwa nini Zorba? Kijana aliyeibuni ngoma ile, Lionel Garawirrtja, alikuwa na dada aliyehitaji uangalizi, na aliyemwangalia alikuwa mama mmoja mwenye asili ya Ugiriki. Ngoma ilitungwa kumshukuru mama huyo.

Rudi sasa kwenye ile heshima ya kaka na dada. Hapa natoa tafsiri yangu, wala sisemi kwamba wahusika wameisema hivi. Kaka hawezi kukaa na dada yake akamwambia nimeona unavyotunzwa, nimefurahi. Hawezi kumshika mkono hadharani. Lakini yupo mama mgeni anayemfanyia dada yake yale ambayo kaka mwenyewe, kwa heshima, haruhusiwi kuyagusa: kumwogesha, kumvalisha, kumsemesha. Deni la namna hiyo halilipwi kwa pesa. Kaka anauchukua wimbo wa kwao yule mama, wimbo ambao Mgiriki yeyote akiusikia ugenini moyo unamruka, anauweka juu ya mwili uliopakwa udongo wa kwao, halafu anawaita wäwa zake wote waje wacheze naye. Wimbo ni wa mama, miguu ni ya kaka, na dada aliyeko katikati hajatajwa hata mara moja.

Ninaposikia watu wakieleza uanaume wa kijana wa leo kwa misuli, magari na kutolia, nawakumbuka hawa. Nguvu iko pale, mapaja yanatetemeka kwa kasi, kifua kinapanda na kushuka. Yote hiyo imetumwa kazi ya kusema asante.

Sirtaki yenyewe nayo ina habari yake. Watalii hudhani ni ngoma ya kale ya Ugiriki, kumbe ilibuniwa kwa ajili ya filamu ile na mwalimu wa ngoma Giorgos Provias, kwa kuunganisha hatua za hasapiko, ngoma ya zamani ya wachinjaji, ambapo wanaume hushikana mabega na kwenda pamoja kwa hatua moja. Vijana wa Elcho walipoiazima walikuwa wameazima ngoma ya wanaume walioshikana mabega. Sidhani kama walihitaji kuambiwa ilikotoka ili waitambue.

Je, wameharibu mila?

Swali hili liliulizwa, na bado linaulizwa, zaidi na watu wa nje. Kwamba udongo ule mweupe ni wa ibada. Kwamba kijana anayeuvaa ili acheze muziki wa filamu ameushusha hadhi. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu hata kwetu ngoma za jando zimefikishwa kwenye kumbi za hoteli zikachezwa dakika kumi kabla ya chakula cha jioni, na anayejua maana yake anainamisha uso.

Lakini Elcho ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1957 viongozi wa koo za Galiwin'ku, akiwamo David Burrumarra, walifanya jambo lililowashtua wengi: walisimamisha hadharani, karibu na kanisa, vitu vitakatifu vya koo ambavyo hadi siku hiyo vilionwa na wanaume waliopitia hatua zote tu. Wanawake na watoto waliviona. Wazungu waliviona. Walikuwa wanasema kwa vitendo: hivi ndivyo vyetu vya thamani kabisa, tunavileta mezani, nanyi leteni vyenu tuzungumze kama watu wazima. Shule walizotaka, kazi walizotaka na sauti juu ya ardhi yao havikuja kama walivyotegemea. Hata hivyo wazee wale walikuwa wameshaamua kwamba kitu kitakatifu kinaweza kuonyeshwa bila kufa, wenye nacho wakiamua wenyewe. Vijana wa 2007 ni wa kisiwa hichohicho, nao walicheza miaka 50 baadaye. Hawakuonyesha siri yoyote. Walionyesha miili na furaha yao, na waliketi mbele yao wazee wenye mamlaka ya kuwazuia. Wazee wale walicheka.

Swali la kuazima linaeleweka vizuri zaidi ukiweka kisa kingine kando. Mwanzoni mwa mwaka 2010, wacheza dansi ya barafu wa Urusi, Oksana Domnina na Maxim Shabalin, waliingia uwanjani na nguo za rangi ya ngozi, michoro myeupe na majani, wakasema wanacheza ngoma ya Waaborijini. Viongozi wa Kiaborijini walipinga, mavazi yakapunguzwa makali kabla ya Olimpiki ya Vancouver, na wawili hao wakapata medali ya shaba. Wao hawakuwa na deni kwa mtu. Hapakuwa na dada, hapakuwa na mama aliyeshukuriwa, wala mzee aliyeketi pembeni mwenye haki ya kusema acheni. Vijana wa Elcho waliuchukua wimbo wa Wagiriki kwa sababu ya Mgiriki mmoja waliyemjua kwa jina na sura.

Liko jambo ambalo bado linanisumbua, nalo ni kicheko cha wenye kununua tiketi. Uwanjani kwao watu walicheka kwa sababu waliwajua: yule mtoto wa fulani, yule juzi alikuwa anaogopa mbwa. Katika ukumbi wa mjini, mtu aliyelipa kiingilio anaweza kucheka kwa kuona tu Mwaborijini aliyepakwa rangi akicheza muziki asioutegemea kwake. Vicheko hivyo viwili havifanani, na mchezaji aliye jukwaani hana uwezo wa kuvitenganisha. Baadaye kundi liliongeza katika maonyesho yake sehemu za video ambamo watu wa nyumbani wanaeleza kisiwa, familia na chanzo cha ngoma, katikati ya vipande vya Bollywood, Michael Jackson na ngoma za asili. Naona hilo lilikuwa jibu zuri. Anayecheka baada ya kumsikia ndugu wa mchezaji akizungumza, anacheka akiwa ameshajulishwa nyumba aliyoingia.

Wrong Skin

Mwaka 2010, katika Tamasha la Sanaa la Adelaide, vijana hawa walipanda jukwaani katika mchezo wa kuigiza ulioongozwa na Nigel Jamieson, Wrong Skin, yaani ngozi isiyo sahihi, kwa maana ya upande usioruhusiwa kuoana nao; kwa Kiyolngu Ngurrumilmarrmiriyu. Ni hadithi ya kijana na msichana wanaopendana ilhali sheria ya ndoa haiwaruhusu. Wengi waliufananisha na Romeo na Juliet, na kwa mtu wa nje mfano huo unasaidia, ila unapotosha mahali pamoja. Kwa Shakespeare familia mbili zinachukiana bila sababu ya maana, na mtazamaji anawaonea huruma wapendanao dhidi ya upumbavu wa wakubwa. Kwa Wayolngu sheria inayowazuia ndiyo iliyowafanya kuwa watu. Ndiyo inayomwambia kijana nani ni mama, nani ni mkwe, ngoma ipi ni ya kwake, kisima kipi akilinde. Kijana akiivunja anajiondoa kwenye mstari wa wäwa zake na kuwaachia pengo.

Hapo ndipo kundi lilipofanya jambo la kijasiri kuliko Zorba. Udugu ni mtamu kuutazama wakati wote mnacheza hatua moja. Wrong Skin iliuliza kaka wanamfanyaje ndugu yao aliyetoka kwenye hatua. Je, wamfuate wamrudishe kwa nguvu? Wamfiche? Wakae kimya? Vijana walioishi chini ya sheria hiyo, ambao kesho yake wangerudi nyumbani kuishi nayo, waliuliza hadharani bila kuitukana sheria na bila kumtukana aliyependa. Kwetu mijadala ya namna hii huwa inaishia kwa kambi mbili, ya mila na ya kisasa, zikirushiana maneno. Wao waliibeba miilini, pande zote mbili, kwa usiku mzima wa maonyesho.

Baada ya makofi

Uchambuzi wa kisa hauna budi kuuliza kilichobadilika. Ngoma haikumtoa mtu gerezani. Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait ni takriban asilimia 3 au 4 ya watu wa Australia, lakini ni karibu theluthi moja ya wafungwa wote wa nchi. Katika Jimbo la Kaskazini ni zaidi ya wanne katika kila watano. Vijana wa kiume wa Kiaborijini wanajiua kwa kiwango kinachozidi sana cha wenzao wa nchi hiyohiyo. Februari 2015 kimbunga Lam kiliipiga Galiwin'ku, na Machi kikafuata Nathan. Familia zilizokuwa zimejazana kwenye nyumba chache zikahamia kwenye mahema. Mwezi Agosti 2016 gazeti moja la kitaifa lilichapisha katuni ya baba wa Kiaborijini aliyeshika kopo la bia, asiyelikumbuka jina la mwanawe aliyeletwa na polisi. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu baba mmoja wa Galiwin'ku aipandishe video ya mwanawe, na picha iliyouzwa ilikuwa ileile ya zamani.

Safari hii jibu lilitoka kila kona ya nchi. Waaborijini walijaza mitandao picha zao na baba zao kwa alama ya reli #IndigenousDads: baba amembeba mtoto mgongoni, baba kwenye mahafali, baba akimfunga mwanawe kamba za viatu. Sisemi Djuki Mala ndio waliolianzisha hilo. Nasema njia ni ileile, ya kuonyesha mapenzi ya mwanamume mahali ambapo hayawezi kukanushwa.

Na kwa vijana wenyewe, kundi lilikuwa kazi. Hili linasemwa haraka mno na wachambuzi wa sanaa, nami nataka kukaa nalo. Mahali ambapo ajira ni chache, kijana alipata safari, mshahara, pasipoti, wenzake wa kulala nao chumba kimoja hotelini na kukumbushana kupiga simu nyumbani. Msiba ukitokea kijijini, mchezaji hurudi, kwa maana mazishi ya Wayolngu huchukua siku nyingi na mwanamume ana nafasi yake katika nyimbo ambayo hakuna wa kumjazia. Ngoma ya jukwaani hapo huisubiri ngoma ya nyumbani. Baykali Ganambarr alitokea kwenye kundi hili bila kuwahi kuigiza filamu, akapewa nafasi kubwa katika filamu kuhusu Tasmania ya mwaka 1825, na mwaka 2018 akapata tuzo ya Marcello Mastroianni kule Venice, ile wanayopewa waigizaji chipukizi. Aliyemtazama kwenye filamu ile ataona mtu anayejua kusimama, kutembea na kunyamaza kwa mwili mzima. Huo mwili ulifunzwa kwenye mstari, kulia kwake ndugu na kushoto kwake ndugu.

Juzi niliiangalia tena video ya 2007, nikajaribu kumtafuta kwa macho yule ambaye dada yake ndiye sababu ya ngoma yote. Sura hazionekani vizuri, picha ni ya simu na kamera za wakati ule, na muziki ukishika kasi hakuna anayetulia. Nikaacha kutafuta. Kwa hesabu ya gurrutu, kwa mmoja wao yule ni dada, kwa mwingine ni shangazi, kwa mwingine ni mama mdogo, na katika mstari ule hakuna hata mmoja ambaye hamhusu.